Bustani Iliyopotea Njiani: Historia ya Istilahi za Kujifunzia Nje ya Darasa kwa Watoto Wadogo

Utangulizi

Mtu akiambiwa kwamba kijana wa jirani yake amepata "mafunzo ya nje", atauliza mara moja: nchi gani? Katika ofisi zetu neno nje, likifuata mafunzo, masomo au safari, kwa kawaida huwa na maana ya nje ya nchi. Kwa hiyo mfasiri aliyekabidhiwa mwongozo wa walimu wa watoto wadogo, akakuta humo shauri la kumtoa mtoto darasani ili ajifunze penye miti, udongo, maji na wadudu, huingia mashakani tangu kichwa cha habari. Akiandika "mafunzo ya nje", mtumishi wa wizara atadhani kuwa habari ni ya ufadhili wa masomo Ulaya. Akiandika "shule ya msituni", wako watakaokumbuka jando, na wako watakaokumbuka vita, kwani katika Kiswahili cha siasa aliyeingia msituni ni yule aliyeshika silaha kupigana na serikali yake.

Shida hii yaonekana ndogo, lakini chini yake mna historia ya karibu miaka mia nne. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, kisha tuone imetuachia nini sisi watumiaji wa Kiswahili. Hoja yetu ni moja. Kila mara elimu ya watoto wadogo ilipohama kutoka lugha moja hadi nyingine, jina lilisafiri upesi na bustani ikabaki nyuma. Na mtoto aliyenyimwa bustani hakunyimwa hewa safi tu, bali alinyimwa pia sehemu ya lugha yake.

Vitu kwanza, maneno pamoja navyo

Fikra kwamba mtoto ajifunze neno akiwa anakitazama kitu chenyewe ni ya zamani. Mmoja wa walioieleza kwa utaratibu ni Jan Amos Komenský, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kilatini la Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592 na kufariki Amsterdam mwaka 1670. Katika kitabu alichowaandikia wazazi juu ya miaka sita ya kwanza ya mtoto, alitaka mtoto huyo ayajue majina ya maji, mvua, jiwe, mti, ndege na samaki kabla hajafika mbele ya mwalimu. Hakutaka ayajue kwa kukariri. Alitaka ayajue kwa kuona na kugusa.

Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Kilikuwa na picha zipatazo 150, na kila picha iliambatana na majina ya vitu kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Watu wengi hukihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya picha vilivyotungwa kwa ajili ya watoto. Hata hivyo yafaa tutambue mkasa uliomo ndani yake. Mtu aliyesisitiza kwamba kitu kitangulie alilazimika kutoa picha mahali pa kitu, kwa kuwa shule za wakati wake zilikuwa na kuta, na ndani ya kuta hakuna tembo wala mto. Tangu hapo picha imekuwa msaada mkubwa wa mwalimu. Imekuwa pia kisingizio chake cha kutotoka nje.

Bustani ya Froebel

Miaka mia na themanini hivi baadaye, Mjerumani Friedrich Froebel alijaribu kuuondoa ukuta wenyewe. Froebel alizaliwa mwaka 1782 huko Thuringia, nchi ya vilima na misitu. Mama yake alifariki naye angali mchanga. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya misitu, na baadaye alifanya kazi ya uchunguzi wa madini huko Berlin. Mtu huyu aliyesoma kwanza mti na jiwe, kisha kitabu, ndiye aliyefungua mahali pa kuwalelea watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka 1837. Jina lilipatikana mwaka 1840: Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Wengi wamezoea kulichukua jina hilo kama tamathali tu: watoto ni miche, mwalimu ni mtunza bustani. Maana hiyo imo, lakini si yote. Froebel alidai bustani halisi. Kila mtoto alitakiwa awe na kijituta chake mwenyewe, apande humo apendavyo na aone matokeo ya uangalizi wake au uzembe wake. Kando ya vijituta hivyo yalikuwapo matuta ya wote, ambamo mboga na maua vililimwa kwa ushirika. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama na watoto wao wachanga. Kwa mpango huo lugha na bustani vilikwenda pamoja: mtoto aliimba juu ya kile alichokwisha kukiona kikiota.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwezi Agosti 1851, kwa kiasi fulani kwa sababu ilichanganya mawazo ya Froebel na yale ya mpwa wake, aliyekuwa mjamaa. Froebel alifariki mwaka uliofuata, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi mwaka 1860. Lakini kufikia hapo wafuasi wake walikuwa wamekwisha kulitoa jina nje ya Ujerumani.

Jina lasafiri

Safari ya jina hilo ni somo zuri kwa mfasiri yeyote. Lugha nyingi zilitafsiri sehemu zake zote mbili. Wafaransa walisema jardin d'enfants, Wadenmarki børnehave, na Waarabu rawdat al-atfal. Japani ilipofungua shule ya namna hiyo huko Tokyo mwaka 1876, iliiita yochien, ambamo pia mna maana ya bustani ya wachanga. Kiingereza, kwa upande wake, kililimeza neno la Kijerumani zima bila kulitafuna. Shule ya kwanza ya Froebel ilifunguliwa London mwaka 1851, na huko Watertown, Wisconsin, nchini Marekani, ilifunguliwa mwaka 1856 kwa watoto wa wahamiaji wa Kijerumani. Jina likabaki vile vile.

Matokeo yake ni kwamba msemaji wa Kiingereza anaweza kulitamka jina hilo maisha yake yote asisikie bustani ndani yake. Wala tusiwalaumu Waingereza na Wamarekani peke yao, maana hata pale neno lilipotafsiriwa vizuri, bustani yenyewe ilidumu kwa shida. Viwanja vya mjini vilikuwa ghali, na shule nyingi zilipata chumba tu. Vifaa alivyovibuni Froebel, yaani mipira, miche ya mbao na karatasi za kukunja, vilipangwa mezani, vijituta vikasahauliwa. Jina likawa limefika, na mwenye jina hakufika.

Wako waliojaribu kuirudisha bustani. Mwaka 1914 Rachel na Margaret McMillan, ndugu wawili, walifungua shule ya watoto wadogo huko Deptford, sehemu maskini ya London. Badala ya madarasa walijenga vibanda vilivyokuwa wazi, na katikati wakaweka bustani. Nia yao ya kwanza ilikuwa afya, kwani watoto wa mtaa ule walisumbuliwa na matege na magonjwa ya kifua. Rachel alifariki mwaka 1917, na Margaret akatoa kitabu juu ya shule ya namna hiyo mwaka 1919. Mfasiri atapendezwa kujua kwamba neno la Kiingereza waliloliita shule yao ni lile lile litumikalo kwa kitalu cha miche.

Katika miaka ya 1950, huko Denmark, mama mmoja aitwaye Ella Flatau alianza kuwapeleka watoto msituni kila siku, na desturi ile ikazaa shule zisizo na jengo kubwa. Ujerumani ilifuata huko Wiesbaden mwaka 1968, na mwaka 1993 shule ya namna hiyo ikatambuliwa rasmi huko Flensburg. Mwaka huo huo wa 1993 walimu wa chuo kimoja cha Bridgwater, Uingereza, walikwenda Denmark kujionea, wakarudi na fikra hiyo pamoja na jina linalotaja msitu. Jina hilo ndilo linalomtatiza leo mfasiri wetu.

Kiswahili na majina yake

Tugeukie sasa kwetu. Kiswahili hakikulitafsiri neno la Froebel. Kimekuwa na majina yake kwa shule za watoto wadogo, na matatu yanajulikana sana Tanzania: chekechea, vidudu na awali.

Chekechea ni neno lililoenea na lililokubalika, lakini halimwonyeshi msikilizaji bustani yoyote. Vidudu ni jina la utani la kupendeza: watoto ni wadogo, ni wengi, na hawatulii. Ni ajabu kidogo kwamba shule inayowaita watoto vidudu yaweza kumaliza mwaka mzima bila kumtazama kidudu hata mmoja. Awali ni neno la mipango. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa Tanzania, na tangu hapo neno hilo limetawala nyaraka. Ubaya wake ni kwamba hueleza nafasi ya darasa katika ngazi tu. Halisemi lolote juu ya kinachofanyika humo. Programu ya taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imesaidia kwa kuyatenga maneno matatu ambayo zamani yalichanganywa. Makuzi ni neno la shambani kama lilivyo la nyumbani: hukua mtoto, na hukua mgomba.

Lakini yapo mambo ya historia yetu yanayolifanya neno nje liwe zito. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mpango huo ulipotekelezwa kuanzia mwaka 1977 watoto walikuwa wengi kuliko madarasa. Wengi walisomea chini ya miembe. Tangu wakati huo, kwa mzazi na kwa ofisa wa elimu, darasa chini ya mti limekuwa picha ya upungufu, na kuhesabu maendeleo kumekuwa ni kuhesabu kuta. Mtu akija sasa kusema watoto watolewe nje, lazima aulizwe kama anaturudisha tulikotoka.

Jibu ni kwamba kukosa darasa na kutoka darasani ni mambo mawili. Mtoto aliyekaa chini ya mwembe akinakili ubaoni maneno asiyoyaelewa hakujifunza nje. Alisoma ndani, ila dari lilikosekana. Kujifunza nje ni pale mwembe wenyewe unapokuwa somo. Lugha yetu yahitaji istilahi inayotenga mambo hayo mawili, la sivyo tutaendelea kubishana bila kuelewana.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliyaona haya kwa namna yake. Ilitaka shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi wajifunze kwa kufanya. Lengo lilikuwa ni wanafunzi wakubwa zaidi na uchumi wa shule, si watoto wa miaka minne. Hata hivyo lilikuwamo wazo ambalo Froebel angelitambua: kwamba jembe na kitabu havigombani. Pale shamba lilipogeuzwa kuwa mahali pa adhabu, wazo hilo liliharibika, na pamoja nalo yaliharibika maneno. Mtoto aliyelijua neno palizi kama adhabu ya kuchelewa hatalipenda tena.

Mtoto hulipataje neno?

Huenda msomaji akauliza: je, kuna ushahidi kwamba mambo haya yanahusu lugha, na si afya na burudani tu? Tutataja uchunguzi wa aina tatu.

Wa kwanza ni juu ya namna neno linavyoshikwa. Mwaka 1986 Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar walieleza kwamba watoto wa mwaka mmoja na nusu hivi hulishika vizuri zaidi jina la kitu wanachokitazama tayari, kuliko jina la kitu ambacho mtu mzima anajaribu kuwageuza wakitazame. Mlezi hodari, kwa hiyo, hufuata jicho la mtoto na kulipa jina lile alionalo. Hapa ndipo faida ya nje inapoonekana. Darasani mwalimu ndiye achaguaye kitu. Nje mtoto huchagua mwenyewe, maana jongoo hajali ratiba ya mwalimu. Lakini mtu mzima lazima awepo, na lazima alijue jina. Mtoto akimwona jongoo peke yake amepata jongoo, hajapata neno.

Wa pili ni juu ya wingi wa majina. Brian Stross alifanya uchunguzi kati ya watoto wa Kitzeltal huko Tenejapa, katika jimbo la Chiapas nchini Mexico, na kuuchapisha mwaka 1973. Njia yake ilikuwa nyepesi: alitembea na watoto katika kijia na kuwauliza majina ya mimea iliyokuwa kandokando. Aliona kwamba watoto huanza kuyajua majina mengi mapema sana, wakiyapata kwa kutumwa, kucheza na kufuatana na wakubwa. Miaka thelathini hivi baadaye Rebecca Zarger na John Richard Stepp walirudia kazi hiyo mahali pale pale, na katika taarifa yao ya mwaka 2004 walieleza kwamba ujuzi wa watoto haukuwa umepungua kwa kiasi cha maana, ingawa maisha ya eneo hilo yalikuwa yamebadilika. Maneno hayakufa kwa sababu watoto walikuwa bado wanapita kijiani.

Wa tatu unaonyesha kinyume chake. Mwaka 2002 wanazuoni wa Cambridge walitoa matokeo ya kuwaonyesha watoto 109 wa shule za Uingereza kadi za picha: nyingine za mimea na wanyama wa kawaida wa nchi yao, nyingine za viumbe wa kubuniwa wa mchezo wa Pokémon. Watoto wa miaka minne walitambua asilimia 32 ya viumbe halisi na asilimia 7 tu ya wale wa mchezo. Watoto wa miaka minane walitambua asilimia 53 ya viumbe halisi, lakini wale wa mchezo asilimia 78. Uwezo wa kushika majina haukupungua hata kidogo. Bali ulielekezwa kwingine.

Jambo hili lilifika hadi kwenye kamusi. Kamusi ndogo ya watoto ya Oxford, katika toleo la mwaka 2007, iliacha maneno kadhaa ya mimea na wanyama wa Uingereza, na ikaingiza maneno kama yale ya blogu na intaneti ya kasi. Mwaka 2015 waandishi 28 waliandika barua ya kupinga. Wachapishaji walijibu kwamba kamusi huonyesha maneno ambayo watoto huyatumia. Sisi tunaofanya kazi ya kamusi na istilahi tunauelewa utetezi huo, na tunajua kuwa kurasa zina kikomo. Lakini utetezi huo ndio msiba wenyewe: kamusi haikuwa imeyatupa maneno, iliyakuta yamekwisha kutupwa.

Hazina iliyo mlangoni petu

Tusidhani kwamba hayo ni ya Waingereza peke yao. Chukua mnazi. Mtoto wa pwani aliyekulia chini yake huyajua majina ya tunda lake kwa umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Huvijua kumbi, kifuu, kuti na karara. Hajafundishwa orodha hiyo na mtu yeyote. Ameipata kwa kutumwa dafu akaleta koroma, akacheka aliyemtuma. Mtoto wa mjini anayeijua nazi iliyokwisha kufuliwa sokoni amebaki na jina moja, na kesho, akinunuliwa tui la kopo, hata hilo moja litatetereka. Ndivyo ilivyo pia kwa mpunga, mchele na wali. Lugha yetu ina majina matatu kwa sababu kuna kazi kati ya hatua moja na nyingine; asiyeiona kazi hatauona umuhimu wa majina.

Wala si majina tu. Vitenzi vingi vya Kiswahili hukaa nje: kuchuma, kung'oa, kukwanyua, kupura, kupepeta, kutwanga, kufua nazi. Mche huchipua, hutoa matumba, huchanua, huzaa. Jua likizidi hunyauka, na majani hupukutika. Mtoto aliyevikuta vitenzi hivi bustanini atavitumia baadaye kwa mambo ya moyo na ya siasa, kwani ndivyo washairi wetu walivyofanya siku zote. Kadhalika vitendawili: yai huwa nyumba isiyo na mlango, lakini kwa yule tu aliyepata kulishika yai na kulizungusha mkononi akitafuta mlango.

Hata sarufi imo mtini. Mwembe huzaa embe, mpera pera, mchungwa chungwa, mfenesi fenesi. Mtoto aliyezisikia jozi hizo anaweza kuonyeshwa stafeli, asilowahi kuliona mti wake, akasema bila kufundishwa kwamba lilichumwa kwenye mstafeli. Hapo ameishika kanuni ya ngeli mbili kwa pamoja, nasi hatujamwandikia chochote ubaoni.

Linabaki swali gumu la lugha za nyumbani. Katika sehemu nyingi za bara mtoto hulijua jani kwa Kisukuma, Kihehe au Kichaga kabla hajalijua kwa Kiswahili, na mara nyingine mwalimu mgeni hana jina la Kiswahili la kumpa. Mwalimu aliyeona haya husema, "hilo ni gugu tu," na mara moja mtoto hujifunza kwamba lugha ya shule haina nafasi kwa ajuacho. Historia ya istilahi zetu inatufundisha njia bora. Neno ikulu limetoka Unyamwezini na Usukumani. Neno ngeli, tunalolitumia kuichambua lugha yenyewe, limetoka katika Kihaya. Vyuo vikuu vyetu vimegawanywa katika vitivo, na kitivo katika kamusi kina pia maana ya mahali penye rutuba. Kwa hiyo Kiswahili kimempa profesa shamba lake, na mtoto wa chekechea bado anangoja kijituta.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hiyo, tunatoa mapendekezo manne ili wasomaji wayajadili.

Kwanza, "mafunzo ya nje" lisitumike kwa maana hii. Katika miongozo ya walimu liandikwe "kujifunzia nje ya darasa". Ni refu, lakini halimpotezi mtu, na kiambishi cha kutendea kinaonyesha kwamba mahali penyewe ni chombo cha somo, si nafasi tu ya kukaa.

Pili, mahali panapohitajika istilahi fupi, neno uwandani lichukuliwe. Limekwisha kukubalika katika "utafiti wa uwandani", na halina kivuli cha vita wala cha safari za Ulaya. Kwa hiyo "chekechea ya uwandani" litafaa kwa shule za namna ya Denmark, na litatosha hata kama uwanda wenyewe ni ufuko, shamba au kichaka. Tulifikiria pia "uani", maana ndiko watoto wetu hasa hukulia. Lakini kwa adabu ya wengi wa pwani, kwenda uani ni kwenda haja, na istilahi inayochekesha darasa zima haidumu.

Tatu, katika kutafsiri historia ya elimu, jina la Froebel lifasiriwe "bustani ya watoto", si "chekechea", ili msomaji aione bustani iliyokuwamo. Waarabu walilipa jina lao rawda, neno ambalo Kiswahili nacho kinalo kama raudha. Hatuna sababu ya kuona haya kutaja bustani.

Nne, na hili ni kubwa kuliko mengine, orodha za istilahi za sayansi kwa shule ziambatane na orodha ya majina ambayo watoto wanayajua tayari, pamoja na yale ya lugha za nyumbani. Neno chavua ni istilahi nzuri. Kwa mtoto aliyewahi kusugua ua la mhindi akaona unga wa manjano kidoleni, ni jina alilokuwa akilingojea. Kwa yule asiyewahi, ni neno jingine la kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Hitimisho

Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Methali hiyo yenyewe haiwezi kueleweka na mtu ambaye hajawahi kuushika udongo mbichi. Tunawasihi walimu watoke na watoto, hata kama ni kwa nusu saa na hadi kwenye mpapai wa nyuma ya ofisi. Tunawasihi wafasiri wasiridhike na jina la jambo kabla hawajauliza ndani yake mlikuwa na nini. Na kwa watumishi wanaopitisha ramani za shule mpya, ombi letu ni dogo: pale mnapohesabu vyumba vya madarasa, acheni hatua chache za ardhi isiyosakafiwa, nasi tutatafuta maneno ya kila kitakachoota hapo.